Leva ya dropa kwenye baiskeli ya milimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dropa ni ile nguzo ya kiti inayopanda na kushuka ukibonyeza leva iliyo kwenye usukani. Ikigoma, wengi huilaumu dropa yenyewe na kuanza kutafuta nyingine, na kwetu dropa si kitu unachokikuta kila duka: ikiagizwa nje, utalipia usafiri na ushuru juu ya bei yake. Kumbe mara nyingi ubovu uko kwenye waya ambao fundi yeyote wa baiskeli anao. Kwa hiyo majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo moja: jua kwanza ugonjwa uko upande wa leva na waya, au upande wa nguzo, kabla hujatoa pesa.

Leva inafanya kazi gani hasa?

Ndogo kuliko inavyodhaniwa. Leva haikipandishi kiti wala haikishushi. Kinachokipandisha ni hewa iliyobanwa ndani ya nguzo, au springi kwenye baadhi ya dropa. Kinachokishusha ni uzito wako. Leva inavuta waya milimita chache tu, waya unasogeza kifyatulio kilicho chini ya nguzo ndani ya fremu, kifyatulio kinafungua vali. Ukiachia, vali inajifunga na kiti kinabaki pale kilipofika.

Ndiyo maana leva nzima huwa nyepesi. Kidole gumba kikianza kuchoka, haitokani na uzito wa kiti. Kuna kitu njiani kinachokwaruza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko California, Joe Breeze na Josh Angell walitengeneza Hite-Rite, springi iliyofungwa kati ya fremu na nguzo ya kiti. Mwendeshaji alifungua klampu kwa mkono, akakikalia kiti kikashuka, akafunga tena. Ilisaidia sana, lakini mkono ulilazimika kuuacha usukani. Leva ya usukani ilikuja kuiondoa hatari hiyo, na mimi nasisitiza isipuuzwe inapoanza kukwama, kwa sababu mtu huihitaji pale pale anapokaribia mteremko mkali na macho yake yako mbele.

Nabonyeza leva, kiti hakishuki wala hakipandi. Nianzie wapi?

Anza kwa kutazama pale waya unapoingia kwenye leva. Mwambie mtu abonyeze. Waya unasogea? Kama leva inacheza na waya umetulia tuli, boliti inayoubana waya imelegea, au kichwa cha waya kimetoka kwenye kikalio chake. Ushahidi huwa wazi ukisogeza jicho: waya uliobanwa huwa na sehemu iliyopondwa na kung'aa pale boliti ilipouma. Ukiiona sehemu hiyo iko nje ya boliti, waya umeteleza. Uvute urudi, kaza, umemaliza.

Kama waya unasogea upande wa leva, shuka chini. Legeza klampu ya kiti na uvute nguzo yote itoke kwenye fremu polepole, huku mkono mwingine ukisukuma ganda la waya, ule mrija wa nje waya unamopita, kutoka mbele ya fremu ili lifuate. Ukiivuta kwa nguvu bila kulisukuma ganda, utaling'oa ganda au utakunja waya, na hapo utakuwa umeongeza tatizo la pili. Ukishakiona kifyatulio, ibonyezwe tena leva. Kisiposogea, au kikisogea nusu, kasoro iko kwenye waya au ganda. Mara nyingine ganda limetoka tu kwenye kikalio chake chini ya nguzo. Hili hutokea sana baada ya mtu kuinua nguzo ili mwenzake mrefu aendeshe.

Sasa kipimo chenyewe. Ondoa waya kwenye kifyatulio, halafu kisukume kwa kidole au kwa ncha ya spana ya L huku ukikandamiza kiti kwa mkono mwingine. Uso na kidevu vikae mbali, maana kiti kikiachiwa hupanda kwa kasi. Kiti kikishuka vizuri na kupanda vizuri, nguzo yako ni nzima kabisa na hupaswi kununua nyingine. Shughulika na leva, waya na ganda. Kiti kikiendelea kugoma hata kwa mkono, leva haina hatia, na kazi inahamia ndani ya nguzo.

Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote cha pekee. Mtu akikuambia dropa imekufa bila kukifanya, mwombe akifanye mbele yako.

Kiti kinapanda polepole au hakifiki juu kabisa. Ni leva?

Huenda ikawa leva, ila anza na klampu ya kiti. Klampu iliyokazwa kupita kiasi huiminya nguzo ya nje, na ile ya ndani inakosa nafasi ya kuteleza. Ilegeze kidogo kidogo huku ukijaribu kiti. Kikianza kuruka juu kama kawaida, umepata jibu. Klampu nyingi huandikwa nguvu ya kukaza isiyozidi 5 au 6 Nm, na mkono uliozoea boliti za pikipiki huvuka hapo bila kujua. Kama nguzo inateleza chini kwa nguvu hiyo, usikaze zaidi. Paka ile pasta yenye chenga inayotumika kwenye sehemu za kaboni, nayo itaishika nguzo bila kuiminya.

Baada ya klampu, tazama hewa. Dropa nyingine zina vali ya kujazia, mara nyingi chini ya kiti au chini ya nguzo. Shinikizo lake ni kubwa, kwenye nyingi ni psi mia mbili na kitu hadi 300, kwa hiyo hutumii pampu ya tairi bali ile ya shoki, na kipimo sahihi kimo kwenye mwongozo wa nguzo yako. Nyingine zina katriji, yaani silinda ya ndani iliyofungwa, isiyojazwa nyumbani.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Udongo mwekundu wa kiangazi hujipanga chini ya sili ya juu na kuikausha. Futa nguzo kwa kitambaa safi, weka tone la mafuta ya silikoni, kipandishe na ukishushe kiti mara kadhaa, futa uchafu uliojitokeza.

Leva inahusika pale tu inapofungua vali nusu. Utaitambua kwa kubonyeza hadi mwisho: kiti kikipanda kwa uvivu hata leva ikiwa imebonyezwa mpaka mwisho kabisa, lakini upesi ukisukuma kifyatulio kwa mkono, waya umelegea.

Nikikaa, kiti kinazama chenyewe.

Waya ukikazwa mno, vali haifungi sawasawa hata leva ikiwa imeachiwa. Iguse leva: inapaswa kuwa na uhuru wa milimita moja hivi, hadi mbili, kabla haijaanza kuvuta waya. Kama haina, ingiza ndani ajasta, ile skrubu ya kukaza na kulegeza waya, yaani izungushe kwa kufuata mshale wa saa, mpaka uhuru huo urudi. Kiti kikitulia, basi.

Kama kinaendelea kuzama hata waya ukiwa umeondolewa, au ukikaa kinabonyea na kudundika hivi kwa sentimita moja au mbili, hewa imechanganyika na mafuta ndani ya nguzo. Hilo ni la fundi mwenye uzoefu wa shoki, na kwa baadhi ya aina dawa ni katriji mpya. Ajasta haitalitibu, hata ukiizungusha kutwa.

Ajasta naizungusha upande gani?

Kinyume cha saa inatoka nje na waya unakaza. Kwa saa inaingia ndani na waya unalegea. Zungusha robo, jaribu, zungusha robo tena. Ikiwa imetoka nje sana na waya bado umelegea, irudishe ndani karibu yote, legeza boliti ya waya, vuta waya kwa mkono, kaza boliti, kisha umalizie kwa ajasta. Waya mpya hulegea kidogo siku za mwanzo ganda linapojikaza kwenye vikalio vyake. Hiyo ni kawaida.

Leva imekuwa ngumu sana. Niweke mafuta?

Ukiinyunyizia mafuta leva bila kujua chanzo, utapata nafuu ya muda mfupi halafu vumbi litaganda juu yake. Fungua waya kwanza, kisha ichezeshe leva ikiwa tupu. Ikiwa nyepesi, iache, haina kosa. Ikiwa nzito, boliti ya ekseli yake imekazwa kupita kiasi au bushi na beringi zimekauka. Safisha, weka grisi kidogo, na ukaze boliti mpaka leva isilegelege lakini irudi yenyewe.

Mara nyingi utakuta leva ni nyepesi, na uzito wote uko kwenye ganda. Lifuate kwa macho na vidole kutoka usukani hadi linapoingia kwenye fremu. Kona kali karibu na kichwa cha fremu ni adui, na kona mbaya zaidi ni ile usiyoiona, pale chini karibu na ekseli ya pedali ambako ganda hugeuka kupanda kwenye bomba la kiti. Ganda fupi huvutwa na kukunjika usukani unapogeuzwa. Ganda refu mno nalo hujikunja ndani ya fremu kiti kinaposhushwa pamoja na nguzo yake.

Kisha tazama ncha. Hapa ndipo kazi nyingi za haraka zinapoharibikia. Ganda likikatwa kwa koleo butu, ncha inapondeka na ule mrija mwembamba wa plastiki ulio ndani unazibika. Kwa nje, kikofia kinafunika kila kitu na kazi inaonekana safi. Vua kikofia, elekeza ncha kwenye mwanga: tundu linapaswa kuwa duara. Likiwa limebanwa, kata upya kwa koleo kali la nyaya, piga ncha tupa mpaka iwe bapa, kisha lipanue tundu kwa sindano nene au msumari uliochongoka. Dakika mbili hizo ndizo zinazotofautisha leva inayobonyezwa kwa kidole kimoja na ile inayotaka kiganja.

Wanaoendesha pwani wana adui mwingine, chumvi. Waya wa chuma cha kawaida ukikaa Mombasa au Tanga bila matumizi huota kutu ndani ya ganda pale maji yanapotuama. Nunua waya wa chuma kisichoshika kutu.

Leva haifyatuki kurudi baada ya kubonyezwa.

Kwenye dropa za waya, kinachoirudisha leva kwa kawaida ni springi ya kifyatulio kule chini, wakati mwingine ikisaidiwa na springi ndogo ndani ya leva. Kwa hiyo leva iliyolala haimaanishi leva mbovu. Vuta waya kwa mkono kutoka upande wa leva na uuachie. Ukirudi kwa uvivu, ni ganda au kifyatulio chenye matope. Ukirudi upesi, tazama ekseli ya leva.

Naweza kutumia waya wa breki?

Hapana. Waya wa breki una unene wa milimita 1.5 au 1.6, wa gia una 1.1 au 1.2, na dropa nyingi zimetengenezwa kwa huu wa gia. Kichwa chake pia ni kidogo. Cha breki hakitaingia kwenye kikalio. Ganda vilevile, chukua la gia la milimita 4. Ganda la breki limesukwa kwa springi na hujibana kidogo linapovutwa, na kwa leva inayovuta milimita chache tu, hata upotevu mdogo unaonekana.

Jambo la kufurahisha ni kwamba waya wa gia upo kila mahali, hata kwa fundi wa kijiweni anayetengeneza baiskeli za mizigo. Chagua mrefu, kwa sababu safari kutoka usukani hadi chini ya nguzo na kupanda tena si fupi.

Naubadilishaje mwenyewe?

Kwanza angalia kichwa cha waya kinakaa wapi. Kuna dropa ambazo kichwa kiko kwenye kifyatulio na waya unabanwa kwa boliti kwenye leva. Nyingine ni kinyume: kichwa kiko kwenye leva, na chini waya unabanwa kwa kipini kidogo chenye skrubu. Aina ya kwanza ni rahisi, maana unakata waya ukiwa juu, mahali penye nafasi. Aina ya pili inataka kipimo, kwa sababu urefu wa waya unaotokeza nje ya ganda kabla ya kipini umeandikwa kwenye mwongozo. Ukikosea kwa milimita tatu au nne, ajasta haitaweza kufidia.

Usilitoe ganda la zamani ndani ya fremu kabla hujapata namna ya kuliongoza jipya. Pitisha waya mzima ndani ya ganda la zamani, lichomoe ganda ukiuacha waya ndani ya fremu, kisha lipitishe jipya juu ya waya huo huo. Anayevichomoa vyote kwa pamoja atashinda jioni nzima akivua kwa sumaku na uzi.

Vikofia viingie hadi mwisho. Jaribu usukani kulia na kushoto kabisa kabla ya kukata. Ukishakaza, kata waya uliobaki karibu na boliti na ubane kikofia cha ncha ili nyuzi zisifumuke. Upande wa chini usiache mkia mrefu. Hujipinda na kukizuia kifyatulio, na utaishia kuivua nguzo tena.

Boliti ya kuifunga leva kwenye usukani haihitaji nguvu nyingi. Zingatia namba iliyoandikwa juu yake, hasa kama usukani ni wa kaboni. Leva iliyofungwa kwa wastani huzunguka ukianguka, isivunjike.

Baiskeli yangu ina gia tatu mbele. Leva itakaa wapi?

Leva nyingi za sasa zimechongwa kukaa chini ya usukani upande wa kushoto, mahali ambapo leva ya gia za mbele ilikuwepo kabla ya baiskeli za milimani kuhamia kwenye sahani moja ya mbele. Kama bado una sahani mbili au tatu, na huku kwetu baiskeli za hivyo ni nyingi, tafuta leva ya kukaa juu ya usukani, ile ya kusukumwa kwa kidole gumba. Usiibananishe leva ya chini na ya gia. Utagusa moja ukitaka nyingine, tena mteremkoni.

Leva ya kampuni nyingine itafanya kazi na dropa yangu?

Kwa dropa za waya, mara nyingi ndiyo, mradi mambo mawili yalingane: upande ambao kichwa cha waya kinakaa, na urefu wa waya ambao leva inauvuta. Angalia pia namna ya kufunga. Kuna za klampu ya kawaida ya milimita 22.2, na kuna zinazojishikiza kwenye klampu ya breki, kama MatchMaker ya SRAM au I-Spec ya Shimano. I-Spec zenyewe ziko za aina kadhaa zisizoingiliana, soma herufi zinazofuata jina. Dropa zinazotumia bomba la mafuta, na zile zisizo na waya wala bomba, hufuata leva za familia yao.

Yangu haina waya, ina bomba la mafuta. Leva imekuwa laini na haifanyi kitu.

Hii ni kama RockShox Reverb za mwanzo, zilizotoka mwaka 2010, na bado zinaonekana kwenye baiskeli za mitumba. Leva laini maana yake upepo umeingia kwenye bomba. Dawa ni kutoa upepo kwa bomba mbili za sindano, moja kwenye leva na nyingine kwenye nguzo, kwa mafuta yaliyotajwa na mtengenezaji. Mafuta ya breki ya DOT yasiiguse kamwe, yanaharibu sili. Kabla ya kazi hiyo tazama kama kuna unyevu kwenye maungio, kwa sababu upepo uliingia mahali, na mahali hapo pasipozibwa utarudi.

Na ile isiyo na waya wala bomba?

Mfano wake ni Reverb AXS ya RockShox, iliyoanza kuuzwa mwaka 2019. Ikinyamaza, bonyeza kitufe cha AXS kwenye nguzo na kwenye leva, uangalie taa: kijani ni salama, nyekundu ni onyo, nyekundu inayopepesa ni karibu kuisha. Betri ziko mbili, ile kubwa ya kuchaji kwenye nguzo na ya sarafu CR2032 ndani ya leva, na watu huisahau hii ya pili. Zote zikiwa nzima, unganisha upya: shikilia kitufe cha nguzo hadi taa ipepese polepole, kisha shikilia cha leva hadi ipepese haraka.

Nifanye nini isiharibike upesi?

Baada ya matope ya Karura au vumbi la Lushoto, futa nguzo kiti kikiwa juu kabisa. Usielekeze maji ya presha kwenye leva wala kwenye sili. Usiibebe wala kuitundika baiskeli kwa kiti kilichoshushwa, kwani kwa aina nyingi uzito wa baiskeli unakivuta kiti wakati vali imefungwa na kuingiza hewa mahali pasipotakiwa. Ukiigeuza baiskeli juu chini kuziba pancha, weka leva isiegemee ardhi. Leva nyingi huvunjika baiskeli ikiwa imesimama.

Waya umekatika porini. Nitarudije?

Waya ukikatika, vali inabaki imefungwa, kwa hiyo kiti kinakwama pale kilipokuwa. Kikiwa juu, endesha tu na kwenye mteremko inuka na usogeze makalio nyuma. Kikiwa chini na una spana ya L, legeza klampu, vua nguzo, sukuma kifyatulio kwa mkono hadi kiti kipande, uirudishe na ukaze.

Kama ni nguzo yenyewe inayozama, ivute nguzo yote juu ndani ya fremu kadiri ganda linavyoruhusu, bila kuvuka alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Usifunge klampu ya chuma kwenye nguzo ya ndani inayong'aa ili kuizuia: mkwaruzo mmoja hapo utakata sili kila kiti kinaposhuka. Kipande cha bomba gumu la plastiki, kikipasuliwa kwa urefu na kuvalishwa kati ya kiti na sili, kitakufikisha nyumbani.